Nguruwe wa usiku shambani: ulinde, uzibe njia au uwinde?

Mkulima wa Kamwenge, Kyenjojo au Masindi, magharibi mwa Uganda, ambaye shamba lake linapakana na msitu ana njia kadhaa mbele yake pindi nguruwe wanapoanza kuingia. Anaweza kukesha kwenye dungu, kuchimba mtaro, kupanda ua wa miiba, kuvuta waya wa umeme, kubadilisha mazao ya pembezoni, au kuita watu wenye mbwa na nyavu wakawinde. Kila jirani humshauri ile aliyoizoea. Nimeziweka hapa sambamba kwa sababu nguvu na fedha za mkulima mdogo haziwezi kujaribu zote, na kwa sababu naona wengi tunachagua silaha kabla ya kumjua mnyama. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa huku ndicho tunachoelewana nacho, Mkiga, Mtoro na Mkongo wa makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja.

Msimamo wangu niuseme mapema. Nguruwe wa msituni azibiwe njia, nguruwe wa kufugwa afungiwe bandani, na uwindaji uwe wa mwisho, tena ufanywe na wenye mamlaka. Sababu nazieleza chini, pamoja na mahali ambapo msimamo huu haumfai kila mtu.

Kwanza, ni nguruwe yupi?

Uganda ina nguruwe watatu wa porini ambao ni wenyeji wa nchi hii. Yupo ngiri wa mbugani, anayetembea mchana mkia ukiwa juu. Yupo nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, anayeonekana katika hifadhi za Queen Elizabeth na Kibale. Wa tatu ni nguruwe pori, mwenye manyoya marefu mgongoni, anayetembea usiku kwa makundi. Huyu wa tatu ndiye anayemliza mkulima. Kisha yupo wa nne ambaye hatumhesabu: nguruwe wetu wenyewe, anayeachiwa baada ya mavuno ajitafutie chakula.

Ukiingia shambani alfajiri, tazama kabla ya kulaumu. Nungunungu huguguna muhogo na kuacha alama za meno kwenye kilichobaki. Nyani na tumbili huja mchana, huchuma hindi, hulimenya na kutupa maganda njiani, na mara nyingi bua hubaki limesimama. Nguruwe hulisukuma bua hadi lilale, hutafuna hindi hapohapo chini, na kwenye muhogo au viazi vitamu hufukua tuta zima kwa pua, udongo ukabaki umepinduliwa huku na huku na vipande vilivyotafunwa vikitapakaa. Ukikuta hivyo, fuata nyayo uone zinatoka upande gani. Zikitoka msituni, tatizo lako ni la mpaka. Zikitoka upande wa nyumba za majirani, mtaro na dungu havitakusaidia. Hapo inatakiwa mkutano mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Tofauti hii kati ya nguruwe wa msituni na wa nyumbani ni kubwa kuliko inavyoonekana, na wanaoijua vizuri ni watu wa Amerika. Kule hakukuwa na nguruwe wa aina hii kabisa. Columbus aliwashusha visiwa vya Karibi mwaka 1493, na Hernando de Soto akawapeleka Florida mwaka 1539. Waliotoroka na walioachiwa wazurure waligeuka wa porini, na baadaye wapenda uwindaji wakaongeza nguruwe mwitu kutoka Ulaya. Leo Marekani ina zaidi ya nguruwe milioni 6 wa namna hiyo, katika majimbo yapatayo 35, na hasara kwa kilimo inakadiriwa kuwa dola bilioni 2.5 kwa mwaka. Australia ilianza na wale waliokuja na meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788, na hadi leo haijawamaliza.

Kinachowashinda watu ni uzazi. Jike hushika mimba kabla hajatimiza mwaka, hubeba kwa siku 115 hivi, huzaa wanne hadi wanane au zaidi, na chakula kikiwepo huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wataalamu wa kule husema inabidi kuondoa karibu asilimia 70 ya nguruwe kila mwaka ili idadi isipande tu. Kushuka ni jambo jingine.

Nguruwe pori wetu hayuko hivyo. Kwa kawaida huzaa mara moja kwa mwaka, watoto watatu au wanne, na yupo katika msitu huu tangu kabla ya muhogo kufika Afrika. Chui anamla. Kwa hiyo swali la Marekani ni namna ya kummaliza, na swali la Kamwenge ni namna ya kumbakiza upande wake. Ukichanganya maswali haya mawili utanunua dawa isiyo ya ugonjwa wako.

Kuwinda na kuziba njia

Uwindaji una mvuto kwa sababu matokeo yake unayaona kwa macho: nguruwe amelala chini, nyama ipo, hasira imepoa. Hasara zake huonekana baadaye.

Jimbo la Tennessee kule Marekani lilifanya jaribio ambalo kila mwenye kushauri uwindaji angepaswa kulijua. Mwaka 1999 lilifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima, mwaka mzima, bila kikomo cha idadi. Wakati huo nguruwe walikuwa katika kaunti 15 hivi kati ya 95. Kufikia 2011 walikuwa wameonekana katika kaunti karibu 80. Watu walipoona kuwinda kunapendeza, walianza kubeba nguruwe na kuwaachia sehemu mpya ili nao wapate windo karibu na kwao. Mwaka 2011 jimbo liligeuza sheria na kumwondoa nguruwe katika orodha ya wanyama wa kuwindwa kwa burudani. Missouri nayo mwaka 2016 ilipiga marufuku kuwinda nguruwe kwenye ardhi zinazosimamiwa na idara yake ya uhifadhi, kwa sababu mwindaji huua mmoja au wawili, na waliobaki hutawanyika, hujifunza na kuwa wagumu zaidi kunaswa.

Kule uwindaji ulipofaulu ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Kwenye kisiwa cha Santa Cruz, California, waligawa kisiwa kwa uzio, wakaenda kipande kwa kipande kwa mitego, mbwa na helikopta, na kufikia 2006 wakawa wamewaondoa nguruwe 5,036, wote. Ilikuwa kisiwani, kwa fedha nyingi, na hakukuwa na wengine wa kuja kujaza nafasi. Kibale ina kilomita za mraba 795 na nguruwe pori ni wa kwake. Ukimwua mmoja aliyeingia shambani, msitu unakuletea mwingine.

Hapa Uganda kuna mambo matatu zaidi ya kuweka kwenye mizani. La kwanza ni sheria. Nguruwe pori, nyani na tumbili huhesabiwa wanyama waharibifu, na kazi ya kuwadhibiti nje ya hifadhi iko chini ya serikali za wilaya kwa msaada wa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kujiwindia, na kumfuata mnyama ndani ya hifadhi ni kosa. La pili ni matanzi ya waya. Tanzi halichagui. Sokwe wengi wa Kibale na wa msitu wa Budongo wana vidole au viganja vilivyolemaa kwa sababu ya matanzi yaliyotegewa paa na nguruwe. Niliwahi kumwona mmoja akila matini kwa mkono mmoja, wa pili ukining'inia bila kushika kitu, na tangu siku hiyo sijaweza kulisikiliza pendekezo la tanzi hata likitoka kwa mtu ninayemheshimu. La tatu ni ugonjwa: nguruwe pori na ngiri huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua, na mabaki ya nyama yao yakifika kwenye ndoo ya chakula cha nguruwe wa nyumbani, banda zima linaweza kuisha. Nitalirudia hilo chini.

Sumu naitaja ili niikatae tu. Aprili 2018 simba 11 walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, ndani ya Queen Elizabeth. Sumu iliyotegwa kwenye mzoga au muhogo humpata fisi, tai, mbwa wa jirani, hata mtoto.

Kuna hali moja ambapo nakubali uwindaji ni bora kuliko ukuta. Kundi likishahamia kwenye kichaka au bonde la matete katikati ya mashamba, mbali na hifadhi, kuziba njia hakuna maana tena kwa kuwa mnyama yuko upande wako tayari. Hapo wanakijiji waandike barua kupitia gombolola, yaani utawala ulio chini ya wilaya, afisa wa wilaya wa wanyama waharibifu aje, na kundi liondolewe lote kwa pamoja. Wakiuawa wawili na wengine wakakimbia, kichaka cha jirani kitapata wageni.

Mtaro, miiba au umeme

Ukishaamua kuziba, vizuizi vitatu ndivyo vinavyotajwa zaidi huku.

Mtaro hauhitaji kununua chochote. Mitaro ya tembo iliyochimbwa kando ya hifadhi ni ya mita 2 upana na mita 2 kina, yaani kila mita 100 unahamisha mita za ujazo 400 za udongo. Kwa nguruwe, mtaro mwembamba zaidi unatosha, mradi kuta ziwe wima. Kwenye udongo mwekundu mzito hudumu. Kwenye kichanga hubomoka, kwenye mawe haichimbiki, kwenye bonde hujaa maji. Adui wa mtaro ni mvua: ukuta ukiporomoka mahali pamoja na kuwa mteremko, nguruwe watapagundua, na kundi zima litapita hapo kila usiku. Kwa hiyo mtaro ni kazi ya kila msimu, na ukichimbwa na mtu mmoja huku majirani wakiacha wazi, anakuwa amewaelekeza tu wanyama kwa jirani. Nyani na tumbili hauwahusu kabisa.

Ua wa miiba ni nafuu, na kusini-magharibi, kuelekea hifadhi za Bwindi na Mgahinga, mwiba wa Morisi umepandwa kwa ajili hiyo. Ukishafunga, hata nyati husita. Lakini huchukua miaka kabla ya kufunga, na nguruwe hupenya chini palipo na upenyo mdogo tu, kwa hiyo unahitaji kukatwa na kujazwa shina kwa shina. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mmea huu wenyewe ni mgeni, asili yake Asia, na katika nchi kadhaa za Afrika umekwisha kuwa mvamizi, unatambaa juu ya miti na kuisonga. Ukiupanda, uwe tayari kuukata kila mwaka maisha yako yote. Mtu anayejua kwamba atahama baada ya mavuno mawili asiupande.

Waya wa umeme ndio unaomzuia nguruwe vizuri kuliko vyote nilivyovitaja, kwa masharti. Nguruwe hutanguliza pua, kwa hiyo nyaya ziwe chini: wa kwanza kama sentimita 20 kutoka ardhini, wa pili kama 45. Waya uliowekwa juu kwa ajili ya tembo humwachia nguruwe njia, na ndiyo maana anayekaa nyuma ya uzio wa tembo bado anaweza kupoteza muhogo wake. Nyasi zikigusa waya, umeme huishia ardhini, hivyo kufyeka chini ya uzio ni kazi isiyokwisha wakati wa mvua. Betri na sola huibwa zisipokuwa karibu na mtu. Kwa mkulima mmoja gharama ni nzito. Kwa familia kumi zilizopangana kwenye mpaka mmoja, zenye mtu mmoja aliyekubaliwa kuutunza, inawezekana. Nasisitiza jambo moja kwa moyo wote: mashine ya uzio hurusha umeme kwa mapigo mafupi yanayouma bila kuua. Anayechukua umeme wa nyumbani na kuuunganisha kwenye waya wa shamba atamwua mtu, na mara nyingi ni mtoto wake mwenyewe.

Seng'enge peke yake siihesabu. Nguruwe pori hulala chini na kupita.

Kukesha kwenye dungu

Kulinda ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na mlinzi akiwa macho kweli inafanya kazi. Haihitaji fundi wala mkopo. Dungu, moto, debe la kugonga, tochi, mbwa wawili, na jirani wa kuitikia. Nguruwe pori ni mwoga wa watu, akisikia sauti mbele hurudi.

Lakini bei yake hailipwi kwa shilingi. Mzee mmoja ninayemtembelea, ambaye shamba lake la mahindi limegusana na miti, nilimkuta asubuhi akishuka kwenye dungu na blanketi begani. Nikamwamkia, "Mzee, habari za usiku?" Akasema, "Usiku ni wa nguruwe, mwanangu. Sasa naamsha wajukuu, mchana ni wa nyani." Nikamuuliza shule. Akasema wataenda mahindi yakikomaa.

Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi: baba usiku, mama na watoto mchana, na wote kwenye mbu. Mlinzi anayelala saa nane ya usiku ni sawa na asiyekuwepo, kwa sababu nguruwe huja kimyakimya na kundi moja humaliza tuta nyingi kabla ya kusikika. Kwa hiyo dungu ni zuri kwa majuma machache ya hatari, mahindi yanapoanza kujaa na viazi vinapokomaa. Muhogo unaokaa ardhini mwaka mzima hauwezi kulindwa kwa kukesha. Huo unahitaji kizuizi, au uhamishwe.

Zamu za majirani hupunguza mzigo sana. Nyumba tano zikikubaliana, kila moja hukesha usiku mmoja kati ya mitano. Madungu yakiwa ya kuonana, sauti ya mmoja huwaamsha wote.

Kuhamisha mazao

Utafiti uliofanywa kuzunguka Kibale miaka ya 1990 ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya uharibifu ulitokea ndani ya mita 160 kutoka ukingo wa msitu. Namba hii ingepaswa kujulikana na kila mwenye jembe huku, kwa kuwa inagawa watu makundi mawili.

Mwenye shamba refu linalorudi nyuma zaidi ya hapo ana bahati: aweke chai, kahawa au pilipili upande wa msitu, na asogeze muhogo, viazi vitamu, karanga na mahindi karibu na nyumba. Kwake hii ni bora kuliko mtaro, na hakuna usiku wa kukesha. Chai imepandwa kando ya misitu karibu na Fort Portal na huko Nkuringo karibu na Bwindi, na wanyama hawaili.

Mwenye kipande kidogo ambacho chote kiko ndani ya mita 160 hana pa kusogezea. Kumwambia apande chai ni kumwambia anunue chakula sokoni kwa miaka kadhaa akingoja mavuno ya kwanza, kisha ategemee kiwanda. Huyu ndiye anayestahili kusaidiwa kwanza na uzio wa pamoja. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ilileta mpango wa fidia, lakini unawahusu wanyama kama tembo, nyati, kiboko, simba na mamba. Nguruwe pori hayumo. Anayekula chakula cha familia usiku baada ya usiku hana wa kumlipia, na hili naliona si haki. Inayobaki ni asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi ambayo hurudi kwa jamii za jirani. Kwenye mkutano wa kupanga matumizi yake, wakazi wa mpakani waombe waya na mitaro kabla ya vitu vinavyopendeza kwenye picha.

Nguruwe wetu: kuachia, kufunga kamba au banda

Waganda tunapenda nyama ya nguruwe, na sensa ya mifugo ya 2008 ilihesabu nguruwe milioni 3.2. Wengi wao ni wa nyumba zenye mmoja au wawili. Namna tunavyowafuga ndiyo itakayoamua kama siku moja tutakuwa na tatizo la Amerika juu ya hili tulilonalo.

Kuachia hakugharimu chakula, na ndiyo sababu watu hufanya hivyo kiangazi. Gharama yake huja kwa njia nyingine. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu palipokosa vyoo, hupata mabuu ya tegu, na tegu huyo akimwingia mtu ubongoni huleta kifafa. Hukutana na nguruwe wa kila nyumba na hupita palipopita nguruwe pori. Jike likizalia kichakani na mwenyewe asiende kulitafuta, watoto wake hukua bila kumjua mtu.

Kamba ni nusu ya njia. Humzuia kuingia shamba la jirani, hadi ikatike. Haimkingi na ugonjwa, na nguruwe aliyefungwa juani bila maji huteseka. Mwenye nguruwe mmoja na asiye na mbao aanze hapo, lakini amfungie kivulini, upande wa nyumba na si upande wa msitu.

Banda lenye sakafu na kuta imara ndilo ninalolipendekeza kwa kila anayeweza. Chakula ni mzigo kweli: majani ya viazi, maganda ya ndizi na pumba huchukua saa za siku. Badala yake unapata mbolea mahali pamoja, jike unalijua limebeba lini, na homa ya nguruwe inapozuka una mlango wa kufunga. Homa hii ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na bado haina tiba. Huua karibu kila nguruwe wa kufugwa anayeipata. Banda halitasaidia kama unamwaga humo mabaki ya nyama ya porini au ya hotelini bila kuyachemsha, au unaingia na viatu vilivyotoka kwenye banda la mwenzako.

Dume la kukodi linalopelekwa nyumba kwa nyumba ndilo pengo kubwa lililobaki hata kwa wenye mabanda mazuri. Ukisikia nguruwe wanakufa kijiji cha pili, lizuie dume, usinunue mtoto wa nguruwe yeyote, na umpigie daktari wa mifugo wa gombolola kabla ya kuuza au kuchinja wako kwa hofu. Nyama hiyo ya haraka, ikibebwa kwa boda boda hadi mji wa jirani, hufikisha ugonjwa mbali kuliko mnyama angeweza kutembea.